Roki si yetu? Kaulize Kapkatet

Vaa fulana nyeusi yenye fuvu la kichwa, upite Kenyatta Avenue hapa Nakuru Jumamosi mchana, na kabla hujafika steji utakuwa umeambiwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba huo mziki ni wa shetani. La pili, ambalo husemwa hata na wasee wa rika letu, ni kwamba roki ni ya wazungu, na wewe mtoto wa Kaptembwo au Free Area unajifanya tu.

La shetani nawaachia wahubiri. Ni hili la pili linaloniudhi, kwa sababu husemwa na watu ambao Jumapili jioni wanafuta machozi wakimsikiza Jim Reeves. Hapa Bonde la Ufa mziki wa kantri ni kama chai ya maziwa, haukosi nyumbani. Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton, wote ni kama majirani zetu. Kuna mazishi Molo na Njoro ambayo hayakamiliki bila wao. Hakuna anayesema babu anajifanya mzungu. Lakini kijana akichomeka gitaa la umeme na kuongeza sauti, ghafla amepotea njia. Ilhali kantri na roki ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni bluzi, mziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani.

Na kama unataka ushahidi kwamba mziki huo uliingia kwetu kitambo, kabla ya babu kununua redio yake ya kwanza, usiende mbali. Panda gari la Kericho, shuka, upande lingine linaloelekea Litein, uulize Kapkatet.

Mwaka wa 1950 alifika huko Mwingereza mmoja aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, Hugh Tracey, na gari lake lenye mitambo ya kunasia sauti. Tracey alizunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi nyimbo za vijijini. Kwa Wakipsigis alikuta kitu ambacho hakukitarajia. Watu walikuwa wakiimba kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Alinasa nyimbo tatu zenye jina hilo. Mbili ziliongozwa na wanaume. Ya tatu, iliyokuja kujulikana dunia nzima, iliimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, huku chepkong'o, kile kinubi cha Wakipsigis, kikidonolewa taratibu nyuma yao.

Chemirocha ni nani? Sema jina hilo polepole, kisha haraka. Che-mi-ro-cha. Jimmie Rodgers.

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka wa 1897 na kukulia Meridian, jimboni Mississippi. Alifanya kazi ya breki kwenye treni, na ni kule relini alikosikia bluzi kutoka kwa vibarua weusi waliotengeneza njia. Alichukua bluzi hiyo akaichanganya na ule mtindo wa kuruka sauti juu na chini kama mchungaji anayeita ng'ombe mlimani, akarekodi kwa mara ya kwanza mwaka wa 1927, na kwa miaka sita hivi akawa nyota mkubwa. Mwaka wa 1930 alirekodi wimbo na Louis Armstrong akipuliza tarumbeta, mweupe na mweusi studio moja, jambo ambalo Marekani ya siku zile haikulipenda. Kifua kikuu kilimuua New York mnamo Mei 1933. Alikuwa na miaka 35. Katika siku zake za mwisho studioni ilibidi apumzike kitandani kati ya wimbo na wimbo.

Leo anaitwa baba wa kantri, na pia ukumbi wa heshima wa wanaroki kule Cleveland ulimwingiza mwaka wa 1986 kama mmoja wa waliotangulia. Hakuna aliyeona ajabu. Kwa Wamarekani vyumba hivyo viwili havina ukuta katikati.

Santuri zake zilifika kwetu na wageni, wamishonari na walowezi, kwa jinsi hadithi inavyosimuliwa. Gramafoni ikapigwa, sauti ikatoka kwenye sanduku bila mtu ndani, na Wakipsigis wakasikia nyuzi zikidonolewa. Nyuzi hizo hawakuzishangaa hata kidogo, kwa sababu chepkong'o walikuwa nayo. Kilichowashangaza ni mwenye sauti. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, wasichana wale walimwona Chemirocha kama kiumbe nusu mtu, nusu swara, wakamkaribisha acheze nao.

Hapo niseme langu. Hadithi ya nusu swara imerudiwa sana na waandishi wa ng'ambo, kwa lile tabasamu la kusema, tazameni Waafrika hawa walivyodhani. Lakini maelezo ni ya Tracey. Wasichana hawakuandika chochote. Mimi niliyekua nikiwasikia wamama wa Kikipsigis wakitaniana sokoni, sioni ushamba pale. Naona utani. Msichana anayemwimbia mgeni asiyeonekana, ati aje acheze mpaka nguo zimtoke, anacheka. Hata jina lenyewe ni mzaha mtamu. Majina mengi ya Che- kwa Wakalenjin ni ya wasichana (najua, Cheruiyot atanikatalia). Wakampa dereva wa breki wa Mississippi jina la kukaa meza moja na Chemutai na Chebet, na likamkaa.

Sasa rudi Marekani, kwa sababu Jimmie Rodgers alizaa wajukuu upande ule pia, na hawa walikuwa na nywele ndefu na vikuza sauti vya kutikisa mabati.

Mwaka wa 1964, huko Jacksonville, jimboni Florida, vijana wa shule walianza bendi. Ronnie Van Zant aliimba. Gary Rossington na Allen Collins walipiga gitaa. Shuleni kwao kulikuwa na mwalimu wa michezo, Leonard Skinner, aliyewaandama wavulana wenye nywele ndefu. Kama ulisoma bodingi Kenya unamjua mwalimu huyo, ana majina elfu moja. Vijana wakalipiza kisasi kwa kuligeuza jina lake na kuiita bendi yao Lynyrd Skynyrd.

Kwa miaka karibu kumi walipiga kwenye baa, wakafukuzwa, wakarudi. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1973, na ndani yake mlikuwa na Free Bird. Mwaka uliofuata wakatoa Sweet Home Alabama, ambao hata asiyejua roki ameusikia kwenye filamu. Roki yao ni nzito, lakini ichambue na utakuta bluzi tupu chini. Siri yao ilikuwa gitaa tatu kwa pamoja. Bendi nyingi zikiweka gitaa tatu zinapigana. Zao zilikuwa zikipokezana kama wazee barazani.

Julai 1976 walirekodi tamasha pale Fox Theatre, mjini Atlanta, na katika albamu iliyotokana nalo kuna wimbo T for Texas. Huo ni wa Jimmie Rodgers, wa mwaka wa 1927, uleule uliomfanya awe nyota. Yeye aliuimba peke yake na gitaa moja. Wao wakauvuta, wakautia ngoma, wakaurusha kutoka gitaa moja hadi jingine, mpaka ukawa wao.

Elewa tunachokitazama hapa. Mtu mmoja, reli moja, sauti moja. Upande mmoja vijana wa Florida wanaichukua na kuifanya roki. Upande mwingine, robo karne kabla yao, wasichana wa Kapkatet wanaichukua na kuifanya wimbo wa Kikipsigis. Hakuna aliyeiga. Hata kule kuruka sauti kwa Rodgers wasichana hawakukugusa. Walichukua jina, na pengine ile hamu ya nyuzi, wakajenga nyumba nyingine kabisa.

Ndiyo maana nikimsikia mtu akisema roki si yetu naona hajauliza swali sawasawa. Chemirocha si roki, hilo nakubali kabla hujaniandikia. Ni kinubi na sauti za wasichana. Lakini inaonyesha jinsi watu wa hapa walivyofanya walipokutana na bluzi ya Marekani kwa mara ya kwanza. Walikaa chini wakatunga. Wala hawakuomba ruhusa ya mtu yeyote kuwaambia kama ni yao.

Sisi tunafanya nini?

Tunapiga kopi. Nenda popote Nakuru penye bendi ya moja kwa moja wikendi, na utakuta vijana wanaojua kazi yao vizuri mno. Wanajua benga, wanajua rumba, mwenye gitaa la mugithi anaweza kukushikia usiku mzima peke yake. Na ukiwaomba roki wanayo, usidanganywe. Unajua walijifunzia wapi? Kanisani. Kanisa ndilo shule kubwa ya roki nchini, ijapokuwa halipendi kuambiwa hivyo. Ngoma kamili ziko kule, gitaa la besi liko kule, na yule kijana wa kusifu na kuabudu anayefunga macho akikanyaga pedali ya kukwaruza sauti, akihamia jukwaa lingine bila kubadilisha noti hata moja, ni mwanaroki. Ufundi upo. Lakini saa nne usiku anapiga wimbo wa mtu mwingine kama alivyousikia, kila noti mahali pake, na mteja anapiga makofi kwa sababu umefanana na wa YouTube.

Najua jibu lake. Mwenye hoteli anataka kopi. Mteja anataka anachokijua. Kodi ya nyumba haingoji utunge. Ni kweli, na simlaumu anayepiga kopi ili ale. Lynyrd Skynyrd wenyewe walipiga za watu kwenye baa miaka mingi. Tofauti ni kwamba mchana walikuwa na kibanda msituni, chenye joto kali mpaka wakakiita jehanamu, na humo walitunga zao, siku baada ya siku.

Jibu la pili huwa ni kwamba roki haina soko Kenya. Nairobi ilikuwa na X FM, stesheni nzima ya roki, na leo haipo hewani. Haya. Lakini Nairobi hiyohiyo imetoa Parking Lot Grass, wanaoimba roki kwa Kiswahili na Sheng bila aibu. Imetoa Crystal Axis na panki yao. Imetoa Duma, ambao mwaka wa 2020 albamu yao ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kusikizwa na watu ambao hata Kenya hawajui iko wapi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefika pale kwa kupiga kopi vizuri. Walifanya chemirocha, kila mmoja kwa njia yake. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, tuna hata mtaa unaoitwa London, na bado tunangoja Nairobi ituambie tunaruhusiwa kupiga nini.

Kuna upande mwingine wa hadithi hii, na huu ndio unaouma.

Tarehe 20 Oktoba 1977, siku tatu baada ya Lynyrd Skynyrd kutoa albamu mpya, ndege waliyokodi iliishiwa mafuta ikaanguka kwenye msitu wa Mississippi. Walikufa watu sita, wakiwemo Ronnie Van Zant, mpiga gitaa Steve Gaines na dadake Cassie Gaines aliyekuwa mwitikiaji. Jalada la albamu lilikuwa na picha ya bendi imezungukwa na moto. Kampuni ilibidi ilibadilishe. Kila mtu alijua mambo yameisha. Na kwa miaka kumi yaliisha. Kisha mwaka wa 1987 waliobaki wakarudi na Johnny Van Zant, mdogo wake Ronnie, kwenye maikrofoni. Gary Rossington, wa mwisho kati ya waanzilishi waliokuwa bado ndani ya bendi, alifariki Machi 2023. Bendi bado inazunguka na jina lilelile.

Kuhusu bendi isiyo na hata mwanzilishi mmoja, nina maswali yangu. Nina mengine kuhusu ile bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa, ambayo waliipeperusha jukwaani kwa miaka mingi. Kijana mweusi wa Nakuru hawezi kuupenda mziki wao bila kuiona ile bendera, na asijifanye haioni. Isitoshe, sauti za wanawake unazozisikia nyuma ya Sweet Home Alabama ni za Merry Clayton na Clydie King, waimbaji weusi. Hiyo ndiyo Marekani, inakuimbisha na kukutusi kwenye wimbo mmoja. Angalau mwaka ule wa 1974 walitoa pia wimbo kuhusu mzee mweusi mpiga bluzi, Curtis Loew, ambaye kijana mdogo anamwendea dukani kumsikiza na anayekufa bila mtu kumjali. Mzee huyo ni wa kubuniwa. Ila deni wanalolikiri lilikuwa la kweli.

Lakini angalia kilichoiweka bendi hiyo hai hata baada ya ajali na vifo. Kila wimbo una majina ya waliouandika. Sweet Home Alabama ni ya Ed King, Rossington na Van Zant, imeandikwa hivyo, na ukipigwa kwenye filamu au tangazo kuna hesabu inayofanywa. Kanda zimehifadhiwa. Jina limehifadhiwa, hata kwa mawakili. Mtu akifa, wimbo wake unaendelea kuwalisha watoto.

Chemutoi Ketienya je?

Sauti yake ilinaswa mwaka wa 1950, ikapelekwa kusini, ikaingia katika maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, aliyoianzisha Tracey mwaka wa 1954 na ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, zamani Grahamstown. Ikatolewa kwenye santuri, ikasifiwa, ikazungumzwa na watu wenye shahada. Kapkatet haikupata nakala. Mpaka mwaka wa 2015, watu wa ILAM wakishirikiana na Tabu Osusa wa Ketebul Music, Nairobi, na mradi wa Singing Wells walipozirudisha rekodi hizo kijijini na kuwatafuta walioimba au watoto wao. Walikuta wazee wachache waliokuwepo siku ile, wakakalishwa, wakasikizishwa sauti zao za ujana. Miaka 65. Fikiria unarekodi ngoma leo ukiwa na miaka 20 halafu unaisikia ukiwa na 85.

Nisiwe mwongo, bila Tracey tusingekuwa na kitu. Hakuna aliyekuwa akinasa nyimbo za wasichana wa Kapkatet, serikali ya mkoloni haikuwa na haja nazo. Na aliandika jina la aliyeongoza, jambo ambalo warekodi wengi wa wakati ule hawakulifanya. Lakini wale wengine wote ndani ya wimbo wanaitwa tu wasichana wa Kikipsigis. Kila mmoja alikuwa na jina alilopewa na nyanya yake. Lynyrd Skynyrd, hata aliyebeba vyombo tunamjua.

Na usidhani hilo ni la zamani. Uliza wasee wanaorekodi hapa mjini. Wanaingia studio watano, wanatoka na faili kwenye simu ya mmoja. Nani alitunga kiitikio? Aah, sote. Nani ana kanda kamili, zile za kila ala peke yake? Prodyusa. Kompyuta ya prodyusa ikiibwa au yeye akihamia Dubai, wimbo umeenda. Ukilipuka TikTok, ndipo urafiki unaisha. Malalamiko kuhusu pesa za hakimiliki zisizowafikia wasanii Kenya ni ya miaka na yana msingi, na vyama vya kukusanya pesa hizo vina mengi ya kujibu. Lakini hata chama kikiwa cha malaika hakiwezi kukulipa kama jina lako haliko popote.

Mambo yenyewe si magumu. Kabla ya kuingia studio, chukua karatasi, andikeni jina la wimbo, tarehe, nani ana nini, asilimia ngapi, wekeni sahihi, kila mtu apige picha na simu yake. Sajilini wimbo na bodi ya hakimiliki, KECOBO. Ombeni kanda zote siku mnayolipa, si wiki ijayo, mziweke mahali pawili. Kwa sheria ya Kenya haki za mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Hiyo ni pesa ya wajukuu wako, na wewe unaiacha kwa sababu mnaona haya kuulizana mbele ya prodyusa.

Kwa nyimbo za wazee kuna sheria yake, ya mwaka wa 2016, ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inazipa kaunti kazi ya kuziandika na kuzihifadhi. Basi Kericho, wimbo wa kwanza kwenye daftari lenu unafaa kuwa Chemirocha, na majina ya wasichana wote yatafutwe kwenye familia zao kabla wajukuu hawajasahau. Kericho hii ndiyo ilikuwa na Chandarana, duka na studio iliyorekodi gitaa la Kikalenjin wakati Nairobi haikuwa na habari nalo. Kipchamba arap Tapotuk, ambaye wazazi wenu wanamjua vizuri kuliko wanavyokiri, alipitia pale. Mji wenye historia hiyo haufai kungoja mgeni aje na gari lenye mitambo mara ya pili.

Nakuru nayo ina jukumu lake. Mji huu ulizaliwa na reli, iliyofika hapa mwaka wa 1900 na Kisumu mwaka uliofuata. Wazee wengi waliojenga mitaa yetu walikuwa watu wa gari moshi kama Jimmie Rodgers. Tuna Nakuru Players Theatre, tuna Nyayo Gardens, tuna vijana wanaojua kupiga. Ningependa kusikia gitaa tatu zikipokezana na chepkong'o, ngoma nzito chini yake, na msichana wa Bureti mbele akiimba kwa lugha yake. Si maonyesho ya utamaduni ya kumfurahisha gavana. Roki, kwa sauti ya kuwafanya majirani wa Section 58 wafunge madirisha.

Kama kuna bendi inayotaka kujaribu, rekodi ya zamani iko mtandaoni, haifiki hata dakika tatu. Isikizeni mara kumi kabla ya kugusa chombo. Kisha msiimbe kama wao. Na kabla hamjaitoa, pandeni gari la Kericho, mwende Kapkatet, mtafute ukoo wa Chemutoi, mbebe sukari na majani chai kama watu waliolelewa, mkae, muombe. Karatasi ya kugawana asilimia mwende nayo, na nafasi ya jina lao iwe ya kwanza juu.